Matanga ya Mfalme wa Kompyuta

Jumamosi iliyopita wajukuu wangu wawili walipanda mlimani huku Wusi kuniona, na haikuwa Krismasi wala hakuna mtu aliyekuwa amekufa. Mkamburi alikuja kuaga. Wiki hii anapanda ndege kwenda Uarabuni, kazi ya uuguzi, kule kule alikokwenda baba yake. Ndugu yake Kalela alitoka Kishushe anakofanya kazi ya kupima ardhi, viatu vimeiva vumbi jekundu mpaka nikamwambia avivue mlangoni, asinigeuzie nyumba kuwa barabara. Alikuwa amebeba kompyuta ndogo ya kukunja, zawadi ya kumpa dadake, ili akitoka kazini huko ugenini awe na kitu cha kumshughulisha. Mimi nilikuwa nachagua maharagwe ya kimanga, kile chakula chetu cha kuponda. Nikasikia Mkamburi akisema, "Nyanya, niambie wewe. Niende na gemu gani, ile ya ukoo ama ile ya mataifa?" Kalela akamkata: "Si nimekwambia hii inabeba zote? Hakuna haja ya kuchagua." Mkamburi akasema, "Najua inabeba zote. Sijauliza inabeba ngapi. Nauliza niende na ipi." Mkono wangu ukasimama ndani ya ungo, kwa sababu swali hilo nilishawahi kuulizwa, na watu walewale, na sikulijibu kwa mdomo.

Watu wakisimulia maisha yao hurudi ujanani. Ujana wangu naukumbuka, na majina yake yote, hata ya wale tuliokaa nao dawati moja nilipoachia masomo darasa la tatu: Shake wa Mwandoe, Wughanga, na Mshila aliyekuwa akilala mwalimu akiandika ubaoni. Lakini mwaka ulionifinyanga ulinikuta uzeeni, meno yamepungua, tena Voi, katika nyumba ya mwanangu Mwadime ambaye mwenyewe hakuwemo. Mwadime alifia huko huko Uarabuni, alikokuwa akifanya kazi ya bohari. Tulingoja mwili. Jamaa walishuka kutoka Mghange na Wusi, wakalala sakafuni, wakangoja, kila simu ikilia watu wote wananyamaza. Mwishowe tukaambiwa amezikwa huko huko. Basi watu wakasimama mmoja mmoja, wakakung'uta nguo, wakarudi makwao, kama wasafiri walioambiwa gari halipo. Matanga hatukukaa. Ungekaaje matanga wakati bado unangoja mwili, na ungeyaanzaje ukishaambiwa mwili umekwisha kuzikwa? Mkwe wangu Wakio, mjane, alirudi kazini kwake mjini, yeye ni karani, akawa anatoka asubuhi na kurudi jioni uso uleule. Akaniomba nishuke nikae na watoto, ingawa hao hawakuwa watoto tena. Mkamburi alikuwa amerudi kutoka chuo cha uuguzi kwa likizo ndefu. Kalela alikuwa ameitwa chuo, barua imekuja, muhula umeanza, naye hakwenda. Hakukataa. Kila akiulizwa alisema, "Nitaenda," na kukicha yuko palepale.

Palepale penyewe ni pembe ya sebule, chini ya kalenda, penye kompyuta kubwa aliyoileta Mwadime likizo yake ya mwisho. Wakio aliifunika kitambaa cha kufuma kama watu walivyokuwa wakifunika redio. Voi jua likipanda mabati hulia, ta, ta, ta, na nyumba nzima inatafuta pa kujilaza, lakini Kalela kila siku baada ya chakula alikunja kile kitambaa vizuri, akawasha, akakaa. Mimi nilidhani anacheza. Nilikaa kwenye kochi nyuma yake nikishona, na siku kadhaa zikapita kabla sijaona kwamba mkono wake haugusi kitu. Ilikuwa ramani ya nchi za baridi, zenye rangi kama kitenge, na pembeni picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe na taji. Haikusogea. Kalela alikuwa anaitazama tu, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Nikamuuliza, "Huyu mzee ni nani?"

"Ni Mwadime."

"Mwadime gani?"

"Mfalme. Baba alimpa jina lake. Hii gemu ni ya kutawala, Nyanya. Unakuwa mfalme, unaoa, unazaa, unapigana na majirani. Ukifa unaendelea na mtoto wako, halafu mjukuu, hivyo hivyo. Baba alianza na kisiwa kidogo hapa, ona. Sasa hii yote ni yetu."

"Na huyu mama?"

"Mama yake mfalme. Anaitwa Mghoi."

Hilo ni jina langu. "Eeh. Na yuko wapi sasa?"

"Alishakufa, Nyanya. Kitambo."

"Kumbe! Baba yako aliniua mapema ndio atawale vizuri." Kalela akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu nishuke Voi. Basi akanieleza habari za wote. Ndugu za mfalme, shemeji zake, binamu aliyetaka kumpindua akafungwa, shangazi aliyeolewa mbali. Kwa kuwa mimi jina likiingia halitoki, kesho yake nilikuwa nawataja kama watu wa kwetu, na Kalela akisahau nani ni shemeji ya nani, ananiuliza. Lakini nilipouliza mbona hawa watu hawatembei, alionyesha alama ndogo karibu na picha ya mzee. "Ni mgonjwa. Nimesimamisha wakati. Nikiachilia siku ziende, atakufa." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Tangu baba yake azikwe, hakuna siku hata moja iliyopita kwenye nchi ile.

Mkamburi alilijua hilo zamani, na lilikuwa linamla. Jioni moja, mama yao yuko jikoni anapakua, aliingia sebuleni akasimama mbele ya kompyuta na taulo begani. "Kalela, mimi nimepata gemu ingine. Swaleh ataniwekea. Hiyo yako itoke."

"Itoke iende wapi?"

"Kompyuta imejaa. Ukiweka moja, ingine inatoka. Hii ni ya mataifa, unajenga reli, bandari, viwanda, unashindana na nchi zingine. Hakuna kuzeeka. Hakuna kukaa ukiangalia mzee kitandani."

"Wewe hata hujui kuicheza hii. Baba hakukufundisha."

"Ndiyo, hakunifundisha! Alikuwa na wewe hapo, mlango umefungwa, mimi naosha vyombo. Sasa nataka yangu. Huyo mfalme wako nitakuwekea kwa flashi, utamtia mfukoni uende naye chuo kama kweli unaenda."

"Kwa flashi si ni kumzika?"

"Kwani hajazikwa?"

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka, kikazunguka sakafuni muda mrefu kabla ya kutulia. Wakio aliingia na sahani za ugali na sukuma, akaweka, akasema bila kumwangalia mtu, "Mama, waamulie hawa. Mimi siwezi." Tukala. Nasikia mpaka leo vile vijiko, kwa sababu siku ile tulikula ugali kwa vijiko kama wageni.

Wakanifanya hakimu, mimi ambaye kompyuta nilikuwa naijua kwa kitambaa chake. Nikasema siwezi kuchagua kitu ambacho sijakiona, nipelekwe nione na hiyo ya mataifa. Mkamburi akanipeleka mjini kwa Swaleh, kijana wa watu wa pwani waliokaa Voi tangu babu zao, mwenye saiba, duka la kompyuta za kukodi, karibu na soko. Alinitolea kiti chenye mto. "Karibu bibi, keti hapa penye feni. Mwatembea na jua hili lote kwa ajili ya mchezo?" Nikamwambia nimekuja kutafuta nchi ya kutawala. Akacheka mpaka wateja wakageuka. "Basi umefika. Hii hapa, chagua dola uitakayo."

Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Dunia nzima, bahari ya buluu, meli ndogo ndogo zinapita na mizigo. Swaleh alibonyeza na miaka ikakimbia, reli ikajichora yenyewe, miji ikanenepa. Nikauliza mtawala ni nani. "Hapana mtawala, bibi. Wewe ndiwe dola." Nikauliza anakufa lini. "Dola haifi, labda ushindwe." Kukatokea vita upande mmoja, nikaona tarakimu zinashuka. "Hao wanaopungua ni nani?" Akasema ni askari. "Majina yao?" Swaleh akanitazama, akaona siulizi kwa mzaha. "Hawana majina, bibi. Ni hesabu tu." Mkamburi alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilipogeuka niliona anavyoipenda ile ramani, uso umelegea, kama mtu aliyefungua dirisha.

Na mimi pia nilipumua. Nitalisema wazi, kwa sababu watu hudhani mzee lazima atapenda ile ya ukoo. Niliitamani nchi ile isiyo na jina la mtu. Mimi kichwa changu kimejaa makaburi, kila aliyewahi kupita bado yumo na jina la baba yake, na pale kwa Swaleh nilipumzika. Njiani kurudi nikamwambia Mkamburi, "Hii inafaa. Itamtoa ndugu yako kwa yule mzee." Akanishika mkono mpaka nyumbani. Nilikuwa nimeshaamua.

Tulimkuta Kalela mahali pake. Nikavuta kigoda nikakaa kando yake, siyo nyuma, nianze kumwambia. Nikaanza kwa mbali. "Ukiachilia siku ziende, mfalme akafa, gemu inakwisha?"

"Haiishi. Unaendelea na mtoto."

"Basi unaogopa nini?"

 Feni ya Wakio ilikuwa inazunguka ikimgeukia, ikinigeukia. Halafu akasema, "Baba alikufa na hakuna mtu wetu alikuwa hapo. Huyu akifa nikiwa peke yangu itakuwa hivyo hivyo tena."

Hukumu yangu yote ya barabarani ikaniishia. Kumbe mwenzangu hakuwa anamzuia mfalme asife. Alikuwa anangoja watu. Nikamwita Mkamburi, alikuwa ameshatoa flashi kwenye mkoba, nikamwambia aiweke chini alete kiti. "Leo hatutoi gemu yoyote," nikasema. "Tunakaa na mgonjwa." Mkamburi akanitazama kama mtu aliyesalitiwa, na alikuwa na haki, lakini alileta kiti. Tukakaa watatu mstari mmoja. Kalela akaweka kidole juu ya kitufe, akakitoa, akakiweka tena. Nikauweka mkono wangu juu ya wake. Siku zikaanza kwenda.

Zilikwenda taratibu, zikiandikwa juu pale, na mzee hakufa upesi. Binamu yake alitoka kifungoni. Mjukuu akazaliwa, Kalela akataka kumpita bila jina, Mkamburi ndiye aliyesema, "Mpe jina, si unaruhusiwa?" wakabishana jina kidogo, wakaelewana. Kisha maandishi yakatokea na picha ya mzee ikawa nyeusi. Kalela alisoma kwa sauti, kwa kuwa mimi miwani ilikuwa chumbani: mfalme Mwadime amefariki kitandani kwake. Akaishia hapo. Mkamburi akasema, "Maliza kusoma." Naye akamaliza, hakumwangalia. "Sasa wewe ni malkia Mkamburi."

"Unasema?"

"Mrithi ni wewe. Baba alibadilisha sheria ya nchi, mtoto wa kwanza arithi hata akiwa msichana. Ilimchukua miaka mingi, wakubwa wa nchi ile walikataa. Akaniambia nisikwambie, utajionea mwenyewe."

"Na ulijua siku zote hizi."

"Nilijua."

Nilidhani atampiga. Mimi niliolewa kwa watu ambao shamba halikupita mkononi mwa msichana, na hata Mwadime mwenyewe sikuwahi kumsikia akilisema jambo hilo kwa mdomo. Mkamburi aliweka viganja usoni, mabega yakatikisika, na Kalela akasogeza ile maus taratibu mpaka mbele yake. "Bonyeza hapo, uendelee." Hapo ndipo niliposema hapana. Niliona mkono wake unaelekea kule, na picha ya msichana mwenye taji inamngoja, mchangamfu, na kitu ndani yangu kikakataa. "Funga mashine. Mtu amekufa sasa hivi, hata hajapoa, mnataka kuendelea? Kwetu mtu akifa watu wanakaa." Kalela akasema kwa upole, "Nyanya, ni gemu." Nikamwambia, "Mwadime ni Mwadime. Funga."

Asubuhi Wakio alipokwenda kazini nilitandika mkeka nje, upande wa ukuta wenye kivuli, nikajifunga leso kichwani, nikawasha jiko la makaa kwa sufuria kubwa ya chai. Nilitaka tukae watatu tu, tumtaje, basi. Mama Righa, jirani yetu, alichungulia juu ya ua. Akaona mkeka, leso, sufuria, na vijana wawili wameinama. "Mama Mwadime, kuna nini?" Nikasema, "Tumefiwa." Nilikuwa bado nina nusu ya maneno mdomoni, ile ya mfalme wa kompyuta, tena nilikuwa nimeanza kutabasamu, lakini alishapiga mayowe na kuondoka. Alirudi na kikapu cha sukuma, sukari na majani ya chai, na nyuma yake akina mama wa kanisani, Mama Nyambu, Mama Mjomba, mwingine na viti vya plastiki kichwani. Walianza wimbo kabla hawajaketi. Kalela akaninong'oneza, jasho linamtoka, "Nyanya, waambie!" Nikamjibu, "Niwaambie nini? Kwamba tumefiwa na Mzungu wa kwenye kioo?" Mkamburi alizika uso kwenye leso yangu, na sikujua kama analia au anacheka.

Wimbo ukaisha. Mama Righa akanishika magoti. "Ni nani, dada yangu?" Nikafungua mdomo, na jina lililotoka lilikuwa moja tu. "Ni Mwadime."

 Wote walijua Mwadime alishakufa, wao ndio waliongoja mwili pamoja nasi. Nilimwona Mama Nyambu anamtazama Mama Mjomba. Nilijua watadhani akili zangu zimekwenda, nikangoja wainuke. Mama Righa aliutazama mkeka, akautazama mlango wa nyumba, akaiweka sukari chini polepole. "Hatukumkalia," akasema. "Kweli kabisa, jamani. Yule mtoto hatukumkalia." Akavua viatu, akaketi, akanyoosha miguu, na akalia kilio kile cha mtu anayeanza kazi aliyoiahirisha.

Wakio alifika mchana, ameitwa kwa simu na mtu ambaye hakumweleza sawasawa. Alipoona watu langoni aliachia mkoba, karatasi zikatawanyika, akakimbia huku akiita, "Mama! Mama!" kwani alidhani ni mimi. Aliponiona nimekaa akasimama katikati ya uwanja, hana pa kuupeleka ule woga. "Ni nani basi?" Nikamwambia. Akasema, "Mama, Mwadime alikufa mwaka jana." Nikasema, "Ndiyo. Lakini leo ndiyo tumekaa." Alibaki amesimama, mikono inaning'inia, karani nadhifu na sare yake. Halafu akaanguka, na wanawake wakampokea kabla hajagusa chini. Alilia siku tatu. Tulikula kimanga na chai, wazee wakashuka kutoka mlimani, wakamsimulia Mwadime kutoka utotoni, uongo mwingi na ukweli kidogo, na Kalela aliwahudumia chai, na alipoulizwa na mzee mmoja anasoma wapi alisema, "Naenda muhula ujao," na safari hii alikwenda.

Siku ya nne Mkamburi alikunja kile kitambaa yeye mwenyewe. Akakaa, akamwambia ndugu yake, "Haya, nifundishe." Gemu ya mataifa haikuwekwa nyumba ile. Nilipokutana na Swaleh sokoni aliniuliza, nikamwambia nchi yako ni nzuri, mwanangu, na huenda nikaihamia siku moja, lakini kwa sasa nina watu.

Haya yote yalinipita kichwani Jumamosi, maharagwe yamo kwenye ungo. Mkamburi alikuwa bado anangoja jibu. Nikamwambia, "Nionyeshe kwanza mmefika wapi." Kalela akafungua ile ya ukoo, mezani kwangu hapa Wusi, ukungu umeshuka mpaka dirishani. Na pale pembeni alikuwa malkia Mkamburi, mwanamke mzee sasa, nywele nyeupe, na kando ya picha yake ile alama ndogo ninayoijua. Wakati umesimamishwa. Kalela aliona nimeiona. "Imekuwa hivyo tangu jana," akasema. "Nilisema dada akija tuiachilie pamoja, tuwe wote watatu, kama ile siku. Kisha aende na mrithi." Akaweka kidole kwenye kitufe, akanitazama. Mkamburi naye akanitazama, mjukuu wangu, mzima, mwenye pasipoti kwenye mkoba.

Mimi ndiye niliyewaambia siku ile waachilie. Mimi ndiye niliyeuweka mkono juu ya mkono.

"Ondoa kidole," nikasema. "Aende nayo hiyo hiyo, hivyo hivyo ilivyo. Ataiachilia akirudi."

Nikainuka kuweka maharagwe motoni.